Maana mbalimbali za neno "ulimwengu"

Hotuba ya wakatekista mbele ya waamini na wageni, katika juma la Jubilei ya parokia



Baba Paroko alipotupa sisi wakatekista kazi ya kusema mbele yenu katika juma hili, alituachia uhuru wa kuchagua jambo la kueleza. Tumechagua neno moja tu, nalo ni "ulimwengu". Labda wengine watashangaa, kwani walingojea tusimulie historia ya parokia: nani alichoma matofali ya kwanza, nani alileta kengele, Wakristu wa kwanza walibatizwa wangapi. Hayo yote yameandikwa na wengine, tena vizuri kuliko tungeweza sisi. Sisi kazi yetu ya kila juma ni maneno. Tunayachukua katika katekisimu na katika Maandiko Matakatifu, tunayaweka mbele ya watu, na watu wanatuuliza maana yake. Basi, katika maneno yote tunayoyafundisha, hakuna linalotuletea maulizo mengi na magumu kama hili.

Maulizo hayo si mchezo. Kijana mmoja wa darasa la mwisho la sekondari, mkatekumeni wa mwaka wa pili, aliacha kuja kwenye mafundisho kwa miezi miwili. Tulipomtembelea kwao, alitujibu bila hasira: "Mwalimu, shuleni wananifundisha kwamba ulimwengu una umri wa miaka karibu bilioni 14. Ninyi mnanisomea siku sita. Mmoja kati yenu ananidanganya, na mtihani wa Leta si ninyi mnaoutoa." Mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, akasema kwamba afadhali mtoto aache shule kuliko kupoteza roho yake. Katika mtaa uleule kulikuwa na baba wa familia, mtu wa sala nyingi, aliyekataa kutoka na wenzake siku ya kusafisha chemchemi ya maji, tena akakataa kulipa mchango wa shule ya binti yake. Sababu yake: Mtume Yohane ametukataza kupenda ulimwengu, na chemchemi na shule ni mambo ya ulimwengu.

Tazameni, ndugu: mmoja alikuwa karibu kupoteza ubatizo wake, na binti wa mwingine alikuwa karibu kupoteza masomo yake, na wote wawili walijikwaa juu ya neno moja. Ndiyo maana tunaona inafaa kulifungua neno hili leo mbele ya wote.

Tuanze nyumbani, katika lugha yetu, hiki Kiswahili cha Kongo ambacho wazee walikiita Kingwana. Lugha yetu ina tabia nzuri ya kuvika shina moja nguo mbalimbali. Kwenye shina hili tunapata mlimwengu, yaani mwanadamu. Walimwengu, yaani watu, na mara nyingi watu wenye maneno mengi na macho ya kutazama mambo ya wengine. Malimwengu, yaani mahangaiko na visa vya maisha. Na ulimwengu wenyewe. Mnaona kwamba katika maneno hayo yote mtu hayuko mbali. Methali inaposema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, haisemi juu ya nyota wala milima. Inasema juu ya watu na maisha, jinsi yanavyompiga aliyekosa malezi. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ambayo mtoto wa kwetu huisikia, na inakaa masikioni mwake hata anapoingia shuleni na kuambiwa kwamba ulimwengu ni jua, mwezi, sayari na nyota zote.

Pembeni yake tuna neno dunia, ambalo limetoka katika Kiarabu. Huko asili yake ni kitu kilicho karibu, maisha haya tuliyo nayo mkononi, mbele ya maisha yale yanayokuja. Kwa hiyo neno dunia lilipofika kwetu lilikuwa tayari na harufu ya kitu kinachopita. Siku hizi shuleni dunia ni jina la sayari yetu tu, ile inayozunguka jua kwa siku 365 na kitu. Lakini mzee akisema "dunia imeharibika", hakuna anayefikiri kwamba sayari imepasuka.

Sasa tutoke nje kidogo. Sisi tuliopita katika seminari ndogo, sehemu ya Latini na Filozofia, tulipewa Kilatini zaidi kuliko tulivyotaka, na Kigiriki kidogo sana. Zamani zile tulinung'unika. Leo tunashukuru, maana tumegundua kwamba Kiswahili chetu kinafanana na mama wa huku milimani anayepanda kutoka sokoni na mizigo minne mgongoni, kamba moja tu kwenye paji la uso. Ulimwengu ndiyo kamba hiyo. Mizigo ni ya aina mbalimbali, na kila mmoja ulikuwa na jina lake huko ulikotoka.

Waebrania wa zamani, walioandika kitabu cha Mwanzo, hawakuwa na neno moja la kutaja vyote kwa pamoja. Walisema "mbingu na nchi", kama vile sisi tunavyosema "wakubwa kwa wadogo" tukitaka kusema watu wote. Ndivyo Kanisa linavyoendelea kusema katika Kanuni ya Imani, iliyoanza kuandikwa kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka wa 325, nayo ikaongeza kwamba Mungu ameumba pia visivyoonekana. Tafadhali shikeni neno hilo la visivyoonekana, tutalirudia.

Wagiriki walikuwa na neno kosmos. Kwanza lilimaanisha utaratibu na pambo, kitu kilichopangwa kikapendeza. Mamama wanaonunua mafuta ya kosmetiki sokoni wananunua neno hilohilo bila kujua. Kisha wenye hekima walipotazama mbinguni na kuona jinsi nyota zinavyokwenda kwa utaratibu, wakaviita vyote pamoja kosmos. Warumi wakafuata njia ileile: mundus yao ilikuwa pambo la wanawake, na usafi, na mwishowe ulimwengu. Kutoka hapo Wafaransa wamepata monde, na vilevile immonde, yaani kitu kichafu. Kumbe wale wapagani wa zamani waliutazama ulimwengu wakaona uzuri kabla ya kuona kitu kingine. Jambo hili linatugusa sisi, maana kuna mahubiri mengi ya siku hizi barabarani yanayosema ulimwengu kana kwamba ni jalala.

Mtume Yohane alilichukua neno kosmos na kulitumia kwa namna tatu bila kutoa taarifa. Mara ni vitu vyote vilivyoumbwa kwa njia ya Neno. Mara ni watu, wale ambao Mungu aliwapenda hata akamtoa Mwana wake. Mara ni ule upande wa watu unaokataa mwanga: tamaa, majivuno, nguvu ya wale wanaojifanya miungu. Katika sura ya kwanza ya Injili yake anazichanganya maana hizo ndani ya mstari mmoja, na msomaji lazima awe macho. Anapotuonya katika waraka wake wa kwanza tusipende ulimwengu, anaeleza mwenyewe papo hapo kwamba anasema juu ya tamaa na kiburi. Chemchemi haimo. Karo ya shule haimo. Yule baba wa familia tulikaa naye jioni tatu juu ya ukurasa huo, na hatukushinda kwa hoja zetu. Kilichomgusa ni kuona kwamba Yohane yuleyule, katika sura ya tatu ya Injili, ametumia neno lilelile la Kigiriki kusema kwamba Mungu ameupenda ulimwengu. Akauliza: "Basi ninaruhusiwa kuchukia kile ambacho Mungu amekipenda?" Tukamwambia kwamba jibu analo yeye. Binti yake yuko darasani.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifanya kazi kubwa hapo. Tarehe 7 Desemba 1965 ulitoa hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, na mwanzoni kabisa Maaskofu walieleza kwanza neno ulimwengu linataka kusema nini kwao: jamaa nzima ya wanadamu pamoja na mambo yote wanamoishi, pamoja na kazi yao, kushindwa kwao na kushinda kwao. Tungependa wahubiri wote wafanye vile: waeleze neno kwanza, halafu walipigie kelele.

Kuna mzigo wa tatu. Wakati wa Noeli tunasoma kwa Luka kwamba Kaisari Augusto alitaka watu wa ulimwengu wote waandikwe. Kilatini kinasema universus orbis, mviringo wote wa dunia. Na Kigiriki kinasema oikoumene, yaani nchi inayokaliwa na watu. Lakini babu zetu waliokaa kwenye maziwa haya na kwenye misitu ya mto Kongo hawakuandikwa na karani yeyote wa Augusto! "Ulimwengu wote" wa Luka ni utawala wa Roma, kwani kila mwenye nguvu huona kwamba nchi yake ndiyo ulimwengu. Hata hivyo neno hilo oikoumene liliokolewa: kutokana nalo tunasema Mtaguso wa kiekumeni, na tunasali pamoja na ndugu zetu Waprotestanti katika juma la ekumeni, mwezi wa Januari.

Mzigo wa nne umewaogopesha watu wengi. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotapika moto juu ya Goma, mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji na kanisa kuu likaangamia, tulisikia watu wengi wakisema: huu ndio mwisho wa ulimwengu. Walisema tena hivyo mlima ulipolipuka mwezi wa Mei 2021. Hatuwacheki, aliyeona usiku mwekundu hawezi kuchekwa. Lakini mafundi wa kuhesabu siku walipita nyuma yao na Biblia mkononi, na wengine waliuza mashamba. Sasa, katika Injili ya Matayo, mahali ambapo tunasoma "mwisho wa ulimwengu", Kigiriki hakisemi kosmos. Kinasema aion, na Kilatini saeculum, yaani muda, zama, kipindi. Kutoka saeculum Wafaransa wamepata siècle, miaka mia. Na sisi tunapojibu "milele na milele" mwishoni mwa sala, Kilatini husema saeculum juu ya saeculum, zama juu ya zama. Wanafunzi walimwuliza Bwana zama hizi zitakamilika lini. Yeye akawaachia kazi ya kukesha na kuwahubiri mataifa, wala hakuwapa tarehe. Anayeuza shamba lake kwa sababu ya neno aion amelipa bei ya kosmos. Hilo ni jambo la kusikitisha, na wanunuzi wa mashamba hayo, tumeona, hawakuwa na haraka ya kwenda mbinguni.

Limebaki neno lenyewe ambalo Wafaransa wanalitumia shuleni, univers. Ni la Kilatini: unus ni moja, versus ni kilichogeuzwa. Vitu vyote vilivyogeuzwa kuelekea umoja. Hata université imetoka humo, maana zamani universitas ilikuwa umoja mzima wa waalimu na wanafunzi. Na hapa tunamkuta tena yule kijana wetu na miaka yake bilioni 14.

Kwanza tumtetee: hesabu yake ni nzuri. Wataalamu leo wanasema bilioni 13.8. Lakini hata kwa wataalamu neno hili limebadilika, tena si zamani sana. Katika mwaka wa 1920 wanajimu wa Marekani walikuwa bado wakibishana kama galaksi yetu, ule mkanda mweupe wa nyota tunaouona usiku wa kiangazi, ndiyo ulimwengu wote, ama kama vile viwingu vidogo vya mwanga vinavyoonekana kwa darubini ni galaksi nyingine mbali sana. Wengine waliviita "ulimwengu-visiwa". Mwaka wa 1924 Edwin Hubble alipima umbali wa kiwingu kimoja, Andromeda, akakuta kiko nje kabisa ya galaksi yetu. Kwa vipimo vya leo mwanga wake unasafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia, wakati mwanga wa jua unatumia dakika 8 tu. Hivi katika maisha ya mtu mmoja neno ulimwengu lilipanuka kuliko lilivyopanuka tangu Adamu.

Kisha akatokea padri. Tunapenda kusema jina lake polepole mbele ya vijana: Padri Georges Lemaître, mzaliwa wa Charleroi huko Ubelgiji mwaka wa 1894, askari wa mizinga katika vita vya kwanza, aliyepewa upadri mwaka wa 1923, kisha mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, chuo kilekile kilichozaa Lovanium yetu ya Kinshasa mwaka wa 1954. Mwaka wa 1927 aliandika kwa Kifaransa kwamba ulimwengu unatanuka, galaksi zinaachana. Miaka miwili baadaye vipimo vya Hubble vikaonyesha vivyo hivyo. Mwaka wa 1931 Lemaître akasogea mbele zaidi: kama vinaachana leo, jana vilikuwa karibu, basi mwanzoni vyote vilikuwa pamoja katika kitu kidogo sana, alichokiita atomu ya kwanza. Wenzake wengi hawakupenda. Mwingereza Fred Hoyle, akisema kwenye redio mwaka wa 1949, ndiye aliyeleta jina la "mlipuko mkubwa", naye hakuwa rafiki wa mafundisho hayo. Mwaka wa 1965 Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, wakatangaza kwamba wamesikia, kwa antena yao, mabaki ya joto la mwanzo ule, yakitoka pande zote za anga. Habari ilimfikia Lemaître mgonjwa kitandani, muda mfupi kabla ya kufa kwake mwezi wa Juni 1966. Mwaka wa 2018 umoja wa wanajimu wa dunia uliamua kwamba sheria ya Hubble iitwe sheria ya Hubble na Lemaître.

Kijana wetu hakujua kwamba fundisho alilofikiri linapigana na padri lilitoka katika kichwa cha padri. Lakini tulimkataza kushangilia upesi, maana Lemaître mwenyewe alikataza. Papa Pius XII, mwezi wa Novemba 1951, alipowahutubia wataalamu, alionekana kukaribisha mwanzo ule wa sayansi kama ushuhuda wa uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake yeye hesabu zake zilikuwa hesabu, na mwamini na asiyeamini wote wawili waliweza kuzikagua. Mungu si kitu cha kukutwa mwishoni mwa hesabu.

Alikuwa na wazee nyuma yake. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka wa 430, aliuliza zamani sana siku tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zingekuwa siku za namna gani, wakati jua liliumbwa siku ya nne. Hakuzichukua kama siku za saa 24. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuonyesha kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo wa wakati; hilo tunalijua kwa imani. Kuumba, kwake, si tu kuwasha moto siku ya kwanza na kwenda zako. Ni kuvishika vitu vyote viwepo, leo kama jana. Moto ukizimwa, mwanga wa chumba unakwisha papo hapo: ndivyo viumbe vilivyo mbele ya Mungu. Basi "ulimwengu" wa mwalimu wa fizikia ni vyote vinavyoweza kupimwa, na "ulimwengu" wa Kanuni ya Imani ni vyote vinavyopokea kuwapo kwao, vinavyoonekana na visivyoonekana. Mwalimu wa fizikia hana kipimo cha malaika, na sisi hatuna kipimo cha galaksi. Mmoja akiingia katika shamba la mwenzake na jembe lake, ndipo ugomvi unaanza.

Hata ule ulimwengu wa vipimo una ukingo wa macho. Wavuvi wa sambaza kwenye ziwa Kivu huenda usiku na taa. Wanaona maji mpaka taa inapofika, na hakuna mvuvi anayesema kwamba ziwa limeishia pale. Wataalamu nao wanasema ulimwengu unaoonekana una upana wa miaka-nuru karibu bilioni 93, na baada ya hapo mwanga haujatufikia. Wengine wanafikiri kwamba huenda kuna ulimwengu zaidi ya mmoja. Wakithibitisha siku moja, watatutia taabu sisi wa Kiswahili, maana tukitaka wingi wake tutasema malimwengu, na malimwengu tunayo tayari, tena ya kutosha.

Tumalizie kwa jina letu wenyewe. Sisi ni Wakatoliki, na katoliki ni Kigiriki: "kwa uzima wote". Mtakatifu Ignasi wa Antiokia alilitumia kwa Kanisa mwanzoni mwa karne ya pili. Wengi hufikiri kwamba Kanisa la ulimwengu ni Roma, na sisi ni tawi. Lakini uzima wote haugawanywi kama kitenge. Misa ikisomwa katika kapela ya mwisho kwenye mpaka wa parokia yetu, Kanisa lote liko pale. Ndiyo maana Roma ilipokubali mwaka wa 1988 Misale ya majimbo ya Zaire, pamoja na kuwaita wahenga na ngoma zake, haikutufanya kuwa Kanisa la pembeni. Ndiyo maana pia tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri huko Kinshasa, tulifurahi, na bado tunaendelea kuomba. Mwenyeheri huheshimiwa katika nchi yake na katika shirika lake. Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa la ulimwengu wote. Binti wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 angali anangojea neno hilo moja.

Jambo la mwisho ni dogo. Sikukuu ya Kristu Mfalme iliwekwa na Papa Pius XI mwaka wa 1925, wakati wafalme wengi wa Ulaya walikuwa wameanguka na watawala wakali zaidi walikuwa wakipanda. Mwaka wa 1969 Paulo VI aliisogeza mpaka Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa na kuipa jina refu zaidi. Kifaransa kinasema Mfalme wa univers, nasi tunaimba "Mfalme wa ulimwengu". Lakini Kilatini hakisemi universi. Kinasema universorum, ambayo ni wingi: Mfalme wa wote na wa vyote. Kwa masikio ya kwetu, ambapo walimwengu ni watu wenye maneno na malimwengu ni taabu zao, tofauti hiyo si ndogo. Tulimwendea Baba Paroko na kumwomba kama tungeweza kuimba "Mfalme wa wote na vyote" katika sikukuu ya mwaka huu. Akacheka, akasema mambo ya namna hiyo yanahusu kamisyo ya liturjia ya jimbo, na kwamba tuandike barua. Barua tumeiandika. Mheshimiwa Padri wa kamisyo hiyo yumo kati ya wageni wetu leo, katika safu ya pili, nasi tutamwona baada ya chakula.